Barua za Askari wa Burma

Katika Vita Kuu vya Pili vya Dunia, vilivyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945, vijana wa Afrika Mashariki walichukuliwa kwa makumi ya maelfu kwenda kupigana mbali na kwao. Tanganyika ilitoa askari takriban 87,000, Kenya takriban 98,000, na Uganda takriban 77,000. Walianza kwa kupigana na Waitaliani katika Somalia na Uhabeshi. Mwaka 1942 Brigedi ya 22 ilipelekwa Madagaska. Wengine wakaenda Misri na nchi za Mashariki ya Kati. Na wengi wakavushwa Bahari ya Hindi hadi Ceylon, kisiwa ambacho leo huitwa Sri Lanka, wakafanye mazoezi ya kupigana na Wajapani. Katikati ya mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kifaru, iliingia Burma, yaani Myanmar ya leo. Ikalipita bonde la Kabaw katika majira ya mvua isiyokatika, na mwanzoni mwa Desemba mwaka huo ikautwaa mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin.

Mapigano hayo yamekwisha kuandikwa, na wanafunzi wetu huyasoma, ingawa kwa ufupi mno. Sisi hatukusudii kuyarudia. Tunataka kueleza jambo moja ambalo vitabu hulipita upesi: jinsi watu waliobaki nyumbani walivyoshikamana na watu wao waliokuwa ng'ambo, kwa njia ya barua. Ndoa, ng'ombe, mashamba, mahari, na habari za nani yu hai na nani amekufa, vyote vilitegemea kipande cha karatasi kilichokwenda miezi mizima. Na karatasi hiyo, kama tutakavyoona, ilipita katika mikono mingi kabla ya kufika kwa mwenyewe.

Kwanza hapana budi tukumbuke vita vilivyotangulia. Kati ya mwaka 1914 na 1918 vita vilipiganwa katika ardhi yetu wenyewe, na mamia ya maelfu ya wapagazi walibebeshwa mizigo ya majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani. Makumi ya maelfu yao walikufa, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Jina la Kariakoo, mtaa mashuhuri wa Dar es Salaam, ni ukumbusho wa jeshi hilo la wapagazi. Watu wale kwa sehemu kubwa hawakuandika wala hawakuandikiwa. Jamaa zao walipata habari kwa kinywa cha mpita njia, au hawakuzipata kabisa. Mtu alihesabiwa kuwa amekufa kwa sababu misimu imepita na hakurudi.

Desturi ya kumfungia msafiri kitu cha kwenda nacho ni ya kale kwetu. Tangu zama za misafara ya Tabora na Ujiji, aliyeondoka alifungiwa masurufu: unga, nyama iliyokaushwa, chumvi, tumbaku, na mara nyingi hirizi ya kumkinga na maadui na wanyama. Aliyekutana na msafara unaorudi aliwapa wale watu salamu za mdomo wazipeleke nyumbani, nao waliziona kuwa amana. Vijana walioandikishwa jeshini baada ya mwaka 1939 waliondoka na masurufu yale yale, lakini masurufu ya kijijini yaliliwa yakaisha kabla hata meli haijang'oa nanga Kilindini. Huko mbele hapakuwa na mpita njia wa kupewa salamu. Nani angetoka Kalewa kwenda Kondoa kwa miguu?

Katika nchi za Ulaya na Marekani watu wa wakati ule walizoea kuwapelekea askari wao vifurushi: soksi za sufu zilizofumwa na mama, keki, sabuni, sigara, vitabu. Palikuwa na vyama vya kukusanya vitu hivyo, na posta za kuvibeba. Serikali ya Uingereza iliuona umuhimu wa barua kiasi cha kubuni, mwaka 1941, njia ya kuzipiga picha katika filamu ndogo, kuisafirisha filamu kwa ndege, na kuzichapa tena barua mwisho wa safari. Barua 1,600 ambazo kwa kawaida zingekuwa na uzito wa ratili 50 ziliweza kubebwa katika filamu yenye uzito wa wakia 5 hivi. Tunayataja haya ili msomaji apime mwenyewe umbali uliokuwapo kati ya askari na askari, ingawa walikuwa katika jeshi moja na adui yao alikuwa mmoja. Mama wa Singida hakuwa na posta karibu, hakuwa na fedha ya kulipia kifurushi, na chakula alichokijua kisingeweza kukaa miezi miwili au mitatu ndani ya meli bila kuoza. Sigara na sabuni alizozipata mwanawe zilitoka jeshini. Kutoka nyumbani askari wetu alitazamia hasa maneno, na pengine picha moja iliyopigwa mjini, mke na mtoto wamesimama wima wakitazama mbele bila kucheka.

Njia ya maneno hayo ilikuwa ndefu. Tuchukue barua iliyoandikwa katika kijiji cha Unyamwezi. Ilichukuliwa kwa miguu au kwa baiskeli hadi posta ya Tabora, ikapakiwa katika gari la moshi la Reli ya Kati kwenda pwani, kisha ikaingia katika mikono ya posta ya jeshi. Anwani yake haikuwa na jina la mahali. Juu ya bahasha paliandikwa namba ya askari, cheo chake, jina lake na kikosi chake, na chini yake Posta ya Jeshi la Afrika Mashariki, basi. Mwandikaji hakujua kama mwanawe yuko Misri, Ceylon au India, wala hakuruhusiwa kuambiwa. Kutoka Kilindini barua ilivuka bahari pamoja na misafara ya meli za kivita, ikashushwa Colombo au Bombay, ikapanda reli ya India hadi Assam, kisha lori katika barabara ya milimani ya Imphal, hadi mahali ambapo lori halipiti. Katika bonde la Kabaw mvua za mwaka 1944 ziliigeuza njia kuwa tope la kufika magotini, na jeshi zima likawa linalishwa kwa ndege zilizodondosha mizigo kwa miavuli. Risasi na chakula vilitangulia. Barua zilifika zilipofika. Askari aliweza kusoma leo kwamba mtoto wake ni mgonjwa, hali mtoto yule amekwisha kupona na kuanza kutembea, au amekwisha kuzikwa.

Lakini umbali haukuwa shida kubwa kuliko zote. Shida kubwa ilikuwa kwamba wengi wa waliotaka kusema hawakujua kuandika, na wengi wa waliotakiwa kusikia hawakujua kusoma.

Hapo ndipo tunapokutana na mwandishi wa barua za watu, ambaye historia yetu haijamtendea haki. Kijijini alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, au karani wa baraza, au shehe mwenye chuo aliyeandika kwa herufi za Kiarabu, au mtoto wa darasa la nne aliyeitwa jioni na shangazi zake akalishwe wali na kuandikishwa. Jeshini alikuwa karani wa kampani, au sajini aliyepitia shule, au mwenzi wa hema moja aliyelipwa kwa sigara. Mama alisema kwa Kigogo, mwalimu akaandika kwa Kiswahili. Huko Burma karani, ambaye pengine ni Mnyasa au Mganda, aliisoma kwa Kiswahili chake cha jeshini, naye askari akaigeuza tena moyoni mwake kuwa Kigogo. Maneno ya mama yalibadilishwa nguo mara tatu kabla ya kumfikia mwanawe. Ni ajabu kwamba yalifika yakiwa yanatambulika.

Yalitambulika kwa sababu barua ya Kiswahili ilikuwa na umbo lake lililokwisha kukomaa pwani kwa karne nyingi. Ilianza kwa salamu, na salamu hazikuwa pambo. Zilimtaja kila mtu kwa daraja yake: baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, shangazi, wifi, shemeji, majirani wa kulia na wa kushoto. Ndipo likaja neno la kawaida kwamba mwandikaji ni mzima, wasiwasi wake ni juu ya huyo aliye mbali. Baada ya hapo tu ndipo habari yenyewe ilipotajwa, mara nyingi kwa mistari michache. Wako wasomi walioziona barua za namna hii wakazidharau, wakisema kwamba robo tatu yake ni salamu tupu. Sisi hatukubaliani nao. Kwa askari aliyekaa miaka mitatu bila kuwaona watu wake, orodha ile ya majina ndiyo iliyokuwa habari kuu. Alihesabu. Jina la babu likikosekana katika salamu alijua, kabla hajaambiwa, kwamba babu hayupo tena.

Na umbo hilo lilikuwa na faida nyingine. Mke kijana aliyetaka kumwambia mumewe kwamba mkwewe anamnyanyasa, au kwamba shamba lao limechukuliwa na ndugu, ilimbidi ayaseme hayo mbele ya mwandishi, ambaye huenda ni mpwa wa huyo mkwe. Hakuweza kusema wazi. Basi alitumia methali na fumbo, ambavyo ni mali ya wanawake wetu tangu kale katika nyimbo za harusi na katika maandishi ya kanga. Alimwambia mwandishi aongeze mwisho wa barua methali moja, ambayo mwandishi aliiona ya kawaida, lakini mume alijua inalenga nini. Mume naye alijibu kwa fumbo. Mwalimu wa fasihi anayetafuta mfano wa matumizi ya methali katika maisha halisi hana haja ya kwenda mbali.

Fumbo hilo lilimhitajia pia msomaji mwingine, naye ni mkaguzi wa barua. Kila barua ya askari ilikuwa chini ya ukaguzi. Afisa wa kikosi aliisoma kabla haijafungwa, na wakaguzi waliokaa nyuma waliweza kuifungua tena. Lililotaja mahali, idadi ya askari au mwendo wa meli lilikatwa kwa mkasi au lilifutwa kwa wino. Barua zilizotoka nyumbani nazo zilifunguliwa. Wakaguzi hawakutafuta siri za kivita tu. Walitafuta pia manung'uniko, wakanakili sehemu za barua, wakazitia katika taarifa zilizopelekwa kwa wakubwa wa jeshi na wa serikali ya kikoloni, ili wajue Waafrika wanafikiri nini.

Msomaji afikirie jambo hili vizuri. Barua nyingi mno za wakati ule zimepotea, zimeliwa na mchwa au zimeoza kwa mvua. Kilichobaki katika nyaraka, kwa sehemu kubwa, ni yale mafungu yaliyonakiliwa na mkaguzi na kutafsiriwa kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba leo tunamsikia babu yetu kwa sikio la mtu aliyekuwa akimpeleleza. Mkaguzi alinakili lililomtia wasiwasi. Salamu ndefu, majina ya shangazi, na methali ambayo hakuielewa, aliviacha. Mwanahistoria anayezitumia taarifa hizo, na hana budi kuzitumia kwa kuwa hana nyingine nyingi, lazima akumbuke kwamba askari wanaoonekana humo ni askari wenye hasira kuliko wote, nao wameonyeshwa katika saa zao za hasira.

Hata hivyo hasira zenyewe zinafundisha. Zilihusu nini? Hazikuhusu sana Wajapani. Zilihusu nyumbani. Askari walilalamika kwamba wake zao wamekwenda kwa wanaume wengine. Kwamba ng'ombe wa mahari wamechukuliwa. Kwamba mashamba yao yanalimwa na watu wengine. Kwamba jumbe amemtoza mama yao kodi au amemtoa ndugu yao kwenda kazi za lazima. Mwaka 1943, mvua zilipokosekana na njaa ikaingia katika sehemu nyingi za Kenya na Tanganyika, barua za kutoka nyumbani zilijaa habari za ghala tupu. Mtu aliyekuwa akiambiwa kila siku kwamba anapigana ili jamaa zake wawe salama alisoma kwamba jamaa zake wanakula mizizi. Serikali ya kikoloni iliogopa barua ya namna hiyo kuliko vikaratasi vya uenezi vya adui.

Ndiyo maana maafisa wa vikosi walijikuta wakifanya kazi ambayo hawakuitazamia. Askari alimwendea afisa wake na barua mkononi, akaeleza kwamba ng'ombe wake watatu wamezuiwa na shemeji. Afisa akamwandikia Bwana Shauri wa wilaya ile; Bwana Shauri akamwita jumbe; jumbe akamwita shemeji; na majibu yakarudi kwa njia ile ile ya reli na meli. Kesi ya ng'ombe watatu wa Mbulu iliweza kufunguliwa kwa barua kutoka msituni Burma. Wakati mwingine haki ilipatikana, na mara nyingi haikupatikana. Lakini askari walijifunza jambo ambalo wakoloni hawakukusudia kuwafundisha: kwamba karatasi iliyoandikwa vizuri na kupelekwa mahali panapostahili inaweza kumtikisa jumbe.

Fedha nazo zilikuwa na barua zake. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa jamaa yake katika boma la wilaya. Swali lilikuwa: jamaa yupi? Kwa mila za makabila mengi fedha hiyo ilistahili kwenda kwa baba au kwa kaka mkubwa, ambaye ndiye mwenye nyumba. Lakini kijana aliyeoa juzi alitaka impate mkewe. Alipomwandika mkewe, baba alikasirika. Alipomwandika baba, mke alilala njaa huku ng'ombe wa baba wakiongezeka. Barua za kwenda na kurudi juu ya jambo hili ni ushahidi wa mabadiliko makubwa katika jamii yetu, mabadiliko ambayo kwa kawaida tunayatafuta katika takwimu za mashamba ya mkonge na migodi.

Serikali ilijaribu kuijibu barua kwa gazeti. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, na Baraza, lililoanza Nairobi mwaka 1939, yalisomwa na askari na jamaa zao. Jeshi lenyewe lilitoa gazeti la Askari, na kwa ajili ya waliokuwa Asia lilitoa gazeti la Heshima. Yalikuwa magazeti ya uenezi, hilo halina shaka. Yalisifu ushindi na kuficha hasara. Lakini wasomaji wake walikuwa watu wa makabila mengi waliounganishwa na lugha moja, na askari waliandika humo mawazo yao kama walivyozoea kuandika barua. Kiswahili kilichotumika kilikuwa kile kilichosanifiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, kikachanganyika na Kiswahili cha kambini, ambacho watu wa pwani walikicheka kwa sarufi yake. Nasi tunakiri kwamba sarufi ile ilikuwa mbovu. Ila lugha iliyoweza kubeba kilio cha Mhehe, Mluo na Mnyasa katika ukurasa mmoja ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka ya pwani.

Hamu ya kuandika barua kwa mkono wako mwenyewe iliwatia watu wengi darasani. Jeshi lilikuwa na walimu wa Kiafrika wa idara yake ya elimu, ambao baadhi yao walifundishwa katika shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya. Walifundisha kusoma, kuandika, hesabu, na habari za vita kwa kutumia ramani. Nia ya wakubwa ilikuwa kumpata askari mtiifu zaidi na fundi bora wa redio na lori. Nia ya askari ilikuwa tofauti kidogo. Alitaka kumwandikia mkewe bila karani kujua, na alitaka kusoma mwenyewe jibu lake. Hatuoni aibu kusema kwamba faragha ya mume na mke imewafundisha watu kusoma zaidi ya mahubiri mengi.

Yako pia mambo ambayo barua haikuweza kuyafanya. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ndani yake, pamoja na mabaharia, wauguzi wanawake na wengineo, walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wa Rejimenti ya 301. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 1,200, na waliookolewa walikuwa mia mbili na kitu tu. Wakati wa vita habari za meli zilizozama hazikutangazwa ovyo. Kwa hiyo twaweza kufahamu hali ilivyokuwa katika nyumba za askari wale. Barua zao za mwisho, zilizoandikwa pwani kabla ya kupanda meli, zilikuwa bado njiani kwenda bara wakati walioziandika wamekwisha kuzama. Na barua za kutoka nyumbani ziliendelea kuandikwa na kupelekwa, zenye salamu za kila mtu, kwa watu waliokuwa chini ya bahari. Wengine wa askari hao wanakumbukwa kwa majina katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki uliopo Nairobi. Na waliouawa Burma bila kaburi linalojulikana wameandikwa katika ukumbusho mkubwa wa Taukkyan, karibu na Yangon. Jamaa zao wachache mno wamewahi kuyaona majina hayo.

Vita vilipokwisha Agosti 1945 askari hawakurudi mara moja. Meli zilikuwa chache, na waliotangulizwa hawakuwa wao. Wengi walikaa kambini India na Ceylon hadi mwaka 1946. Katika miezi hiyo ya kungoja, barua ziliongezeka urefu. Waliojifunza kuandika walikuwa na wakati, na walikuwa na mengi ya kuuliza: tutapewa nini, kazi gani, mashamba gani? Miongoni mwa waliopitia jeshi hilo walikuwamo Abdulwahid Sykes na ndugu yake Ally, ambao baadaye walikuwa katika safu ya mbele ya chama cha TAA na kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Na kwa upande wa Kenya, Bildad Kaggia na Waruhiu Itote. Si haki kusema kwamba harakati za uhuru zilianzishwa na askari, kwa maana walikuwapo wakulima, wafanyakazi wa bandari na walimu ambao hawakuvaa sare. Lakini katika miaka ya baada ya vita kilichofanya kazi kubwa katika wilaya zetu kilikuwa barua ya malalamiko iliyopelekwa bomani, na aliyeombwa kuiandika mara nyingi alikuwa yule aliyerudi Burma anajua anwani za wakubwa.

Miaka 30 na zaidi baadaye nchi yetu, ikiwa huru, ilipeleka tena askari nje ya mipaka yake. Majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini ya mto Kagera mwezi Oktoba 1978, nasi tukayasukuma nyuma hadi Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Safari hii kifurushi kilikuwapo. Wananchi wa mikoa mbalimbali walitoa ng'ombe, nafaka na fedha, bila kungoja kujua jina la askari atakayekula. Tofauti na wakati wa Burma ni kubwa, wala haihitaji maelezo marefu: vita hivi vilikuwa vyetu, na askari aliyekuwa mstari wa mbele alijua hivyo. Siku hizi askari wa Tanzania waliotumwa na Umoja wa Mataifa katika nchi kama Lebanon na Kongo huzungumza na watoto wao kwa simu ya mkononi wakiwaona uso kwa uso. Ni neema kubwa, ingawa haitaacha karatasi ya kumfaa mwanahistoria wa miaka mia ijayo.

Waliokwenda Burma sasa karibu wote wamekwisha kufariki. Barua zao, zile chache zilizosalia, zimo katika masanduku ya bati chini ya vitanda vya wajane na wajukuu, pamoja na nishani na vyeti vya kuachishwa jeshi. Mwalimu anayetaka kuwapa wanafunzi wake kazi ya utafiti anaweza kuanzia hapo, kwa kuomba ruhusa kwa adabu, na kunakili barua nzima pamoja na salamu zake zote, bila kusahihisha sarufi wala kuruka majina. Bahasha nayo isitupwe. Juu yake mtaona namba ya askari, muhuri wa posta ya jeshi wenye tarehe lakini usio na jina la mji, na pembeni, kwa wino uliofifia, saini ya afisa aliyeisoma barua hiyo kabla ya mwenyewe.